Fulana za Wenye Majibu Mazuri

Kosa la kwanza lilikuwa la Mama Fulana mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine yote. Ni yeye, kwa mdomo wake, aliyeshauri herufi ziongezwe ukubwa.

"Kaka yangu," alimwambia mteja, huku ameinua sampuli dirishani, "herufi hizi ni za kusomwa na mtu aliyekulalia kifuani. Wewe unahamasisha au unanong'ona? Tuzikuze, bwana. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara azisome, na asiyejua kusoma aulize."

Mteja alicheka mpaka kitambulisho kikamrukaruka shingoni. Alikuwa mratibu wa shirika moja la kuwahamasisha vijana kuhusu Ukimwi, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, nadhifu, mwenye kizibao chenye mifuko kumi na minne. Mama Fulana aliihesabu. Mifukoni humo mote mlikuwa na kalamu tatu tu. Kuanzia siku hiyo, pale kwenye chumba cha kuchapia, jina lake likawa Kizibao, na jina la kwenye kitambulisho hakuna aliyejisumbua kulikumbuka.

Kazi yenyewe ilikuwa fulana nyeupe mia moja na tisini zenye maandishi mekundu kifuani: MIMI NI SALAMA. JE, WEWE? Zilitakiwa Ijumaa, siku ya uhamasishaji katika chuo cha ufundi. Mama Fulana aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Ukimwi, na yeyote aliyesema anakwenda kuupiga teke, yeye alikuwa tayari kumshikia koti.

Ugonjwa huo ulimchukua kaka yake, na miezi saba baadaye ukamrudia wifi yake, enzi zile dawa zilikuwa habari za watu wengine. Wakamwachia mtoto wa kike wa miaka mitatu, kikohozi na macho tu. Majirani wakaacha kuazima vikombe. Mwenye nyumba akawatoa kwa adabu kabisa. Alisema anataka kukipaka chumba rangi. Miaka kumi na sita imepita na chumba kile hakijaonja brashi. Mama Fulana hupita pale makusudi kukitazama, akisonya, kisha anaendelea na safari zake akiwa amepata nguvu mpya.

Mtoto yule hakufa. Waliotabiri kwamba hatamaliza darasa la pili wengine wametangulia wenyewe. Akiwa na miaka saba alifungua redio ya shangazi yake kuona nani anazungumza mle ndani, akaifunga tena, nayo ikazungumza vizuri zaidi. Hapo ndipo alipoitwa Fundi. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa mwisho wa umeme katika chuo hicho hicho cha ufundi, amebakiza miezi miwili afanye mtihani. Kila siku saa mbili kamili alimeza kidonge chake kama mtu anayefunga kitasa. Vipimo vya kliniki vilikuwa vimesema kwa miaka sita mfululizo kwamba virusi havionekani tena kwenye damu. Vipo, lakini vimefungwa mdomo.

Waliojua habari hiyo walikuwa watatu: Fundi, shangazi yake, na nesi wa kliniki. Kulikuwa pia na Mzee Pasi, aliyesimamia mashine ya kukaushia rangi pale chumbani. Huyu ama hakujua, ama alijua akanyamaza. Kwa mzee yule mambo hayo mawili yalifanana.

Jumatano mchana Kizibao alikuja kukagua. Fulana karibu zote zilikuwa zimekwisha, zimekunjwa kumi kumi mezani, na harufu ya rangi imejaa mpaka darini. Alichukua ya kwanza, akaivaa hapo hapo, akarudisha kizibao juu yake na kukiacha wazi ili herufi zipumue.

"Mama, wewe ni moto!"

"Nao moto unaunguza, jihadhari," alisema Mama Fulana akipangusa mikono. "Ila hesabu zako, kaka, hazijakaa sawa. Chuo kile kina wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Hao ishirini na wawili watavaa nini? Majani?"

"Hao hawatahitaji."

"Kwani wanaumwa?"

"Hatujui bado," alisema Kizibao kwa furaha. "Ijumaa ndiyo tutajua."

Mama Fulana aliacha kupangusa mikono.

Kizibao hakuona kitu. Alivuta kigoda, akaketi, akamweleza kama mtu anayeeleza mipango ya harusi. Hema litawekwa katikati ya uwanja. Kila mwanafunzi ataingia, atapimwa, atasubiri majibu. Mwenye majibu mazuri atapewa kadi ya kijani, ataipeleka mezani, atavaa fulana mbele ya wenzake, atapigwa makofi na picha. Ikifika saa sita uwanja mzima utakuwa mweupe. Ishirini na wawili walikuwa makadirio tu. Zikipungua au kuzidi, wataona.

"Na mwenye majibu mengine?"

"Huyo tunamhudumia vizuri sana. Anapewa ushauri nasaha na kijitabu."

"Kisha anatoka hemani."

"Anatoka."

"Amevaa nini?"

Kizibao alifikiri. Ilionekana ni swali ambalo halikuwa kwenye mafaili yake. "Si alivyokuja, mama?"

"Uwanja mzima mweupe, yeye alivyokuja. Na kijitabu mkononi."

"Ni motisha! Kijana akijua kuna zawadi, anajitunza."

"Kwa fulana?" Sauti ya Mama Fulana ilipanda ngazi moja. "Mtu yuko chumbani na mpenzi wake, taa imezimwa, aseme subiri kwanza mpenzi, nikumbuke fulana?"

Mzee Pasi alikohoa kule kwenye mashine yake. Kizibao naye alicheka, maana alidhani ni utani. Mama Fulana alikuwa na swali jingine kwenye ncha ya ulimi, la wale waliozaliwa nao, ambao hata chumba na taa hawajavijua. Akalimeza. Swali hilo lilikuwa na sura ya mtu.

"Na asiyetaka kupima?" aliuliza badala yake.

"Kila mmoja lazima. Mkuu wa chuo ameshabandika tangazo. Anayekataa, tutajiuliza anaficha nini." Alisimama, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. "Kesho jioni nitatuma gari lije lizichukue."

Alipotoka, moshi ulifuka. Mzee Pasi alikuwa ameacha fulana kwenye mashine mpaka imekuwa rangi ya chai. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuunguza hata soksi.

"Imeungua," alisema.

"Naona, mzee."

"Ningeweza kuziunguza zote," alisema Mzee Pasi taratibu, kama anayetaja bei ya chumvi, akaitupa ile moja kwenye pipa.

*

Fundi aliingia saa kumi na moja jioni, na ovaroli yake imejaa vumbi la ukuta, bisibisi nyuma ya sikio.

"Shangazi, leo nimefunga swichi tatu, zote zimewaka. Mwalimu katafuta kosa mpaka akakasirika."

"Kaa chini."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kaa."

Aliketi juu ya bunda la fulana. Shangazi yake alimwambia. Tangazo Fundi alikuwa amelisoma tangu Jumatatu, wala halikumtisha. Lilisema kila mwanafunzi atapima na fulana zitatolewa. Alikuwa na mpango wake. Nesi atakayepima ni yule yule wa kliniki. Angeingia hemani, wangesalimiana, wangepiga soga robo saa, angetoka na fulana yake kama watu wote. Kuhusu kadi ya kijani hakujua. Hakuna mwanafunzi aliyejua.

Fundi aliinuka kwenye lile bunda kama aliyekalia kaa la moto, akalitazama.

"Nani kazichapa?"

"Unajua nani kazichapa."

"Na maandishi haya makubwa hivi?"

Mama Fulana alifungua kinywa. Ilikuwa nadra sana kinywa kile kufunguka na kisitoe kitu.

"Siendi," alisema Fundi. "Ijumaa siendi, na Jumatatu siendi. Wataniuliza nilikuwa wapi. Darasani tuko ishirini na watatu, wasichana wanne. Unadhani itawachukua muda gani? Nimekula nao sahani moja, shangazi. Nimeshikana nao mikono juu ya ngazi, mmoja akiteleza sote tunaanguka. Wiki ijayo nani atanishikia ngazi?"

"Nakwenda kwa mkuu wa chuo sasa hivi. Nitamwambia maneno ambayo hajawahi kuyasikia tangu azaliwe. Nitamvua—"

"Ndiyo, nenda." Fundi aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Nenda ukapige kelele. Wote wataona mama kaja mbio anatetemeka kwa hasira. Watajiuliza huyu kinachomuuma nini? Kisha watamtafuta mwanaye. Kelele zako ndizo zitakazonivua nguo, kabla hata ya hema."

Hapo Mama Fulana alikwama. Maisha yake yote alikuwa amepigana kwa silaha moja, nayo ni mdomo. Ulimtoa kwenye nyumba mbaya ukamwingiza kwenye nyingine nafuu. Ulimpatia mkopo, ukamkimbiza mume. Sasa mtoto aliyemlea alikuwa anamwomba aingie vitani ameuacha nyumbani.

"Sitakutaja," alisema mwishowe. "Wala sitapandisha sauti. Kama nikikutaja, usiniite tena shangazi."

"Wewe kutopandisha sauti?" Kwa mara ya kwanza jioni ile Fundi alikaribia kutabasamu. Hakutabasamu. Alichomoa bisibisi nyuma ya sikio, akaifuta, akaiweka kwenye kisanduku cha vifaa, akakifunga kama mtu anayehama. "Siendi, lakini."

*

Asubuhi ya Alhamisi Mama Fulana alikuwa kliniki kabla hawajafagia. Nesi, mwanamke mnene wa mwendo wa pole ambaye alimjua Fundi tangu akiwa na meno ya utoto, alimsikiliza huku anapanga chupa. Alipofika kwenye kadi za kijani, nesi aliweka chupa chini.

"Zile kadi?" Alivuta boksi chini ya meza. Kadi mia mbili, kijani kibichi, hazina maandishi. "Mimi nilidhani ni za soda!"

"Za soda!"

"Nimeandikiwa barua: huduma ya kupima, ndani ya hema, kadi zimeambatanishwa. Nikasema haya, wamewafikiria watoto, watapata soda." Nesi alivimba shingo. "Kumbe wanataka nitoe majibu ya watu kwa kadi kama karata? Majibu ya damu ya mtu ni ya mtu mwenyewe. Hata mama yake mzazi simwambii akishakuwa mtu mzima. Na hakuna mtu nitakayempima bila ridhaa yake, awe amebandikiwa tangazo au amebandikiwa stempu usoni!"

"Basi waandikie."

"Nitaandika leo. Watanijibu mwezi ujao, wakiniomba nakala tatu."

Walitazamana. Huko nje wagonjwa walikuwa wanaanza kujipanga, kila mmoja akitazama upande wake kama kawaida ya benchi lile.

"Wewe kesho fanya kazi yako kama ulivyofundishwa," alisema Mama Fulana. "Fulana niachie mimi."

Jioni gari la Kizibao lilikuja. Mama Fulana alimtokea dereva mlangoni, mikono kiunoni, huzuni imemjaa usoni.

"Rangi haijakauka, mwanangu. Unyevu huu! Nikikupa sasa, zitashikana zote ziwe shuka. Mwambie bosi wako asubuhi nitazileta mwenyewe mpaka getini."

Nyuma yake Mzee Pasi, ambaye mashine yake ilikausha rangi kwa nusu dakika, aliinama kutafuta kitu chini ya meza na hakuinuka mpaka gari lilipoondoka. Kisha wakawasha taa na kuchapa nyingine, moja baada ya moja, mpaka nguo nyeupe zilipokwisha dukani: za wanafunzi waliobaki, za walimu, za wapishi, za mlinzi, za yeyote atakayepita akiwa na kifua.

Fundi alikuwa chumba cha pili, wanamolala, mlango umefungwa. Shangazi yake aliusogelea, akaeleza mpango wake wote kwa mbao za mlango.

*

Saa moja kasoro Ijumaa, Mama Fulana alikuwa getini na mabunda yake, amevaa tabasamu kama mtu aliyevaa kiatu kinachobana.

"Karibu baba, chukua yako. Wewe mrefu, hii. Mdogo mdogo, hii itakufika magotini, utalalia. Mlinzi, nawe vaa, au hutaki kuwa salama?"

"Ni za bure?"

"Za kwenu zote. Msisukumane."

Walivaa wakicheka. Wengine walizifunga kichwani, wengine wakazitia mfukoni. Saa mbili kasoro robo uwanja ulikuwa mweupe na hema halijafunguliwa hata kamba. Alikuwa akigawa kwa mikono na kutafuta kwa macho. Wasichana watatu wa umeme walipita. Wa nne, Fundi, hakuonekana.

Gari likaingia. Dereva alishuka, akachukua ya kwake bila kuuliza. Kizibao akashuka na meza yake ya kukunja, na fulana ya Jumatano chini ya kizibao. Aliutazama uwanja kama mtu aliyekuta harusi yake imeshaliwa.

"Nani? Nani kagawa fulana zangu?"

"Mimi, kaka," alisema Mama Fulana kwa sauti laini iliyomgharimu. "Niliona umesahau ishirini na wawili, nikakuongezea. Hizo nimekupa tu."

"Umeharibu zoezi! Hazikuwa za kila mtu!"

"Aa! Zilikuwa za nani?"

Vijana wa karibu waligeuka. Kizibao angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa na hasira, na alikuwa amezoea kutoa maelezo.

"Za wenye majibu mazuri! Unapima kwanza, ukiwa huna virusi ndipo unapewa! Sasa tutawatofautisha vipi?"

Uwanja ulinyamaza kuanzia mbele kurudi nyuma, kama maji yanavyokatika bombani.

"Eti nini?" Aliyeuliza alikuwa kijana wa useremala, mtani wa chuo, waliyemwita Randa kwa jinsi alivyokuwa akiwakwangua watu. Alikuwa amevaa fulana mbili, moja kama suruali. "Subiri, mkubwa. Yaani nikiwa nao, natoka mle hivi hivi, na watu wote hawa wananitazama?"

"Ungepewa ushauri nasaha."

"Na kijitabu," aliongeza Mama Fulana kwa upole.

"Mbona basi hamkutupiga chapa ya moto kama ng'ombe? Ingedumu zaidi!" Kicheko kililipuka, lakini hakikuwa kizuri, kilikuwa na meno. Msichana mmoja wa uchomeleaji, mikono kama nguzo, alijipenyeza mbele. "Na wewe mwenyewe umeivaa. Umepima lini?"

Kizibao alitazama kifua chake.

"Hii ni sampuli."

"Lini?"

"Mimi ni mratibu—"

"Lini, bosi? Siku tu. Mwezi? Haya, mwaka?"

Mama Fulana aliuma midomo yake yote miwili. Alikuwa na maneno kama hamsini, mazuri, ya moto, yamejipanga mstari kooni yanagombea kutoka, na aliyazuia yote, na machozi yakamtoka kwa ile shida ya kuyazuia.

Mkuu wa chuo alifika akitembea haraka bila kutaka kuonekana anakimbia. Alimsikiliza Kizibao, akawasikiliza wanafunzi, na akasema alisaini ratiba, hakusaini fulana. Lakini tangazo ni tangazo, na kila mmoja lazima aingie hemani.

"Mkuu," alisema nesi kutoka mlango wa hema. Hakupaza sauti, hakuhitaji. "Anayetaka kupima aje, nitampima, na atakachoambiwa kitabaki kati yetu wawili. Asiyetaka, mimi simgusi. Ukiendelea na lazima yako, ninafunga sanduku langu sasa hivi na kwenda kumweleza mganga mkuu kwa nini."

Mkuu alitoa leso, akafuta paji la uso, na lazima ile ikafutika hapo hapo pamoja na jasho.

"Kabla ya hapo," aliendelea nesi, akiinua boksi la kadi za kijani, "kila mtu achukue moja. Andika swali lolote. Usiandike jina."

Walipokuwa wakiandika, wamezifunika kadi kwa mikono kama wanaiba mtihani, ndipo Fundi alipoingia getini. Ovaroli, kisanduku cha vifaa begani. Shangazi yake alimpa fulana ya mwisho.

"Siitaki hiyo," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Hata mkimpa kila mtu duniani, bado inasema walio nao si salama. Umegawa vizuri, shangazi. Maneno ndiyo mabovu." Akapita, akaketi na darasa lake. Mama Fulana alibaki na fulana mkononi. Usiku mzima alikuwa amehesabu vifua, na maandishi hakuyasoma hata mara moja.

Nesi alianza kusoma. Je, mbu huambukiza? Hapana. Mtu akionekana mnene na mwenye afya, si ina maana hana? Hapana, usoni hakuandikwi kitu. Kuna dawa za kumeza ili usiupate? Zipo, njoo kliniki tuzungumze. Kondomu mbili kwa pamoja ni bora kuliko moja? Randa alipiga kelele "Hiyo si yangu!" na wote wakajua ni yake. Moja tu, alisema nesi, mbili zinasuguana zinapasuka. Maswali yalikuwa mia na zaidi. Watu wa mwaka wa tatu, wanaojua kujenga ghorofa, walikuwa hawajawahi kuelezwa mambo haya na mtu mzima aliyewatazama usoni. Hilo nalo lilimpanda Mama Fulana kichwani: fulana zilipatikana, picha zilipangwa, majibu ya maswali ya watoto hakuna aliyeyapangia hata dakika kumi.

Nesi alifungua kadi nyingine. "'Mwenye virusi anawezaje kusoma umeme? Akijikata na waya si atatuambukiza wote?'"

"Kweli, hao wangepewa ushonaji," alisema mtu nyuma.

"Sindano je?" alisema mwingine, wakacheka.

Nesi alifungua kinywa, lakini Fundi alikuwa ameshasimama.

"Fundi akijikata, awe nani, anazima umeme, anashuka, anafunga kidonda," alisema. "Na damu ya mtu yeyote huigusi kwa mikono mitupu, unavaa glavu. Hiyo ni kanuni ya karakana, iko ukutani, tumeisoma siku ya kwanza. Haikuandikwa kwa ajili ya watu wenye virusi. Mwenye virusi anayemeza dawa kila siku mpaka havionekani kwenye damu, hamwambukizi hata anayelala naye. Wewe aliyekushikia ngazi ndiye umwogope?"

"We," alisema Randa, bila ubaya, kwa udadisi tu, "umejuaje yote hayo?"

Watu mia mbili waligeuka. Mama Fulana aliona shingo ya mtoto wake ikikaza. Alikuwa na uongo tayari, mwingi, wa kila saizi. Hakuutoa. Halikuwa swali lake.

"Wewe umejuaje kupiga randa?" alisema Fundi. "Ulifundishwa, ukashika. Na mimi nimefundishwa. Unataka kujua damu yangu? Njoo uniombe kwa adabu siku moja, na siku hiyo uje na majibu yako mkononi. Kama siku hiyo nitataka kukwambia, nitakwambia. Leo sitaki."

Msichana wa uchomeleaji ndiye aliyeanza kupiga makofi. Randa alikuna kichwa, akasema, "Haya, nimekoma," akasogea kumpa Fundi nafasi kwenye benchi. Fundi hakukaa. Saa nne walikuwa na kipindi cha karakana, na alihitaji mtu wa kumshikia ngazi. Wenzake wawili wa darasa waliinuka wakabishana nani atashika. Waliondoka wakibishana.

Hemani waliingia themanini na wanne, kwa miguu yao, na walipotoka hakuna aliyejua nani kaambiwa nini, maana wote walitoka wamevaa walivyokuja.

Kizibao alikuwa anafunga meza yake garini, uso umemkunjamana kama nguo isiyopigwa pasi.

"Umenifedhehesha, mama. Picha hata moja sina. Wiki ijayo tuko chuo cha ualimu, na fulana nimeagiza kwingine."

"Kwa utaratibu ule ule?"

"Utaratibu ulishaidhinishwa."

Sasa Fundi alikuwa mbali, na mkuu wa chuo kaingia ofisini, na kule kwenye chuo cha ualimu Mama Fulana hakuwa na mtoto wa kuficha. Alivuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu Jumatano.

"Siku gani?"

Kizibao alipanda gari, akapandisha kioo. Mama Fulana alizunguka upande wa pili, akagonga dirisha la dereva.

"Jumanne, mama," alisema dereva. "Saa mbili asubuhi. Geti la nyuma, la mbele wanakarabati."